Chanjo na Mlango wa Shule (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza maradhi yenyewe, surua, kifaduro, dondakoo, pepopunda na polio, jinsi yanavyoenea na jinsi kinga inavyofanya kazi mwilini. Leo twalielekea suala ambalo wazazi wa Mandera hukutana nalo kila Januari, watoto wanapopelekwa kuandikishwa chekechea: je, mwalimu ana haki gani ya kudai kitabu cha kliniki kabla ya kuliandika jina la mtoto katika daftari lake, na mtoto asiye nacho afanywe nini?

Na tuitazame kwanza sheria, maana aghalabu hutajwa na watu wasioisoma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 5, huziamuru serikali ya taifa na za kaunti zihakikishe kuwa watoto walio chini ya miaka 5 wanapata chanjo, ambayo pia ni ya bure na ya lazima. Basi tuna lazima mbili zinazokutana kwenye kizingiti kimoja, na mwalimu mkuu asiye na hadhari aweza kuitumia ya pili kuivunja ya kwanza, akamrudisha nyumbani mtoto ambaye kosa lake ni kuzaliwa mahali ambapo gari la chanjo halikufika. Ni kweli kwamba mzazi naye hakusazwa, kwa kuwa tangu mwaka 2001 Sheria ya Watoto imeihesabu chanjo miongoni mwa wajibu wake. Lakini amri ya mwaka 2017 imeelekezwa kwa serikali, na anayeamriwa kutoa hawezi kumwadhibu anayepokea kwa kile ambacho hakikutolewa.

Mtindo wa kuifunga shule na chanjo pamoja si mgeni duniani. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilidai chanjo ya ndui kwa wanafunzi tangu mwaka 1855, na mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka mji wa San Antonio, iliamua kwamba mji una mamlaka ya kumzuia asiyechanjwa asiingie shuleni. Wasomaji wetu wenye jamaa Minneapolis wamekwisha kuisikia habari hii kwa njia nyingine. Huko, jamii ya Wasomali ilikuwa ikichanja watoto wake vyema hadi ilipoenea hofu kuwa sindano ya surua huleta usonji, hofu iliyotokana na makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998, ambayo jarida lililoichapa liliifuta mwaka 2010. Na kwa kuwa sheria ya jimbo lao la Minnesota humruhusu mzazi kukataa chanjo kwa sababu ya itikadi yake, wengi walikataa, mpaka mwaka 2017 surua ilipoingia katika vituo vya malezi na shule, ikawapata watu 75, wengi wao wakiwa watoto wa Kisomali wasiochanjwa. Waliokaribiana na wagonjwa bila ya kuwa na kinga waliamriwa wakae nyumbani siku 21.

Lakini anayetaka kuichukua kanuni ya Minneapolis nzima nzima na kuileta Mandera hana budi kukumbuka kwamba kule kliniki iko karibu na kilichopungua ni ridhaa, ilhali huku ridhaa aghalabu ipo na kilichopungua ni kliniki. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 8 katika kila 10 nchini walikuwa wamekamilisha chanjo za msingi, na katika Garissa hawakufika hata 3. Jamaa anayehama na ngamia zake baina ya Banissa na Takaba hawezi kuyangoja majuma ya 6, 10 na 14 mahali pamoja, wala mwezi wa 9 na wa 18 wa surua. Na muuguzi naye, hususan baada ya madaktari wawili wa Cuba kutekwa nyara mjini Mandera mnamo Aprili 2019, hawezi kulaumiwa akiiogopa barabara.

Fauka ya hayo, kuna mpaka. Mandera imekaa penye pembe ya nchi tatu, Bula Hawa ya Somalia ikiwa mkabala nayo na Suftu ya Ethiopia ng'ambo ya mto Daua, na mtoto aliyechanjwa Suftu huenda akaja na kadi yenye tarehe za kalenda ya Kihabeshi, ambayo iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8. Mwalimu asiyelijua hilo ataisoma kadi hiyo na kuona kwamba mtoto alichanjwa kabla ya kuzaliwa, akamshuku mama wa watu kuwa ameghushi. Na maradhi hayaulizi cheti mpakani: mwaka 2013 polio ilivuka kutoka Somalia ikawapooza watu upande wa Garissa, kambi za Dadaab zikiwa ndizo kitovu chake.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kitabu cha kliniki kidaiwe, tena kidaiwe kwa mkazo, ila kidaiwe kwa ajili ya kumjua aliyepungukiwa, si kwa ajili ya kumfukuza. Mtoto wa miaka 4 ameshachelewa kwa chanjo ya rota, isiyotolewa tena kwa umri huo, lakini hajachelewa kwa surua, wala kwa polio, wala kwa ile sindano moja inayokinga maradhi matano. Mwalimu na aandike jina lake kwanza, kisha aiandike katika karatasi ya pili chanjo asiyoipata, na siku iliyowekwa muuguzi aje shuleni na kasha lake la barafu.

Na kwa nini tungoje shule? Watoto wetu wengi huketi mbele ya maalim wa duksi, yaani chuo cha Kurani, na loho mikononi, kabla ya kuijua chekechea. Wamesongamana katika chumba kimoja, nayo surua haipendi kitu kuliko msongamano. Maalim ndiye anayezijua nyumba zote, na neno lake hupokewa kwa taadhima kuliko barua ya wizara. Iwapo atakuwapo wa kumwambia kwamba kudai chanjo ni jambo la kigeni katika dini, ataweza kumjibu kwamba Saudia haimruhusu hujaji kuingia ila awe na cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, sharti ambalo lilianza baada ya mlipuko wa mwaka 1987, na sijasikia hujaji wa Mandera aliyeiacha Hija kwa ajili ya sindano hiyo.

Hofu ya sindano yenyewe si aibu. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merka, aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu, na Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, akaja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akawasimulia wazazi kisa chake mpaka alipofariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Nawasihi wazazi pia wajifunze kukitazama kichupa. Juu ya vichupa vingi vya chanjo pana duara dogo la zambarau lenye mraba mweupe ndani yake; mraba huo huiva kwa joto, na ukishafanana rangi na duara, chanjo hiyo imeharibika na yapasa itupwe. Katika nchi ambayo friji hutegemea jua na barafu huyeyuka njiani, mama aliyeomba kuonyeshwa kichupa kabla ya mwanawe kuchomwa hakumvunjia muuguzi heshima.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mwalimu wala maalim awezaye kulitatua. Mwaka 2025 chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio viliadimika katika vituo vingi vya Kenya, na kina mama waliofika na vitabu vyao waliambiwa warudi siku nyingine. Ni nani huzilipia chanjo hizi, na kwa nini malipo huchelewa, ndiyo maudhui ya sehemu ya tatu.