Kiingereza cha Ukutani

Watu wengi hunijia ofisini, hasa siku za soko, wakitaka niwaambie ni kitabu gani kitakachowafundisha Kiingereza upesi. Wengine wamekwisha kununua vitabu viwili vitatu, na vyote wameviacha kabla ya kufika ukurasa wa kumi. Mimi huwachukua hadi barazani, nikawaonyesha ubao wa matangazo uliopigiliwa ukutani, nikawaambia, "Kitabu ndicho hiki, nacho hakina bei." Aghalabu hudhani nawafanyia mzaha ili waniondokee nipate kuendelea na kazi yangu.

Hapana mzaha. Yuko mtu aliyemaliza masomo yake ya msingi, ambaye aweza kukusomea hadithi ya sungura na fisi kwa Kiingereza asikwame hata mara moja. Walakini mtu huyo huyo mpe risiti ya dukani, au tangazo la kazi, au barua aliyoandikiwa na bwana wake, utamwona akiruka maneno kama avukaye mto juu ya mawe, asijue kina cha maji chini yake. Hadithi ya sungura haimnyang'anyi mtu kitu. Barua yaweza.

Nitasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo halinipi sifa. Nilipokuwa darasa la sita mjomba wangu, aliyekuwa mpishi katika nyumba moja mjini Nairobi, alirudi nyumbani baada ya mabwana zake kuhama. Alikuja na barua ya sifa, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha nyeupe. Jioni akaniita mbele ya watu wote wa nyumbani, akasema, "Mpwa wangu, wewe ndiwe msomi wetu. Tusomee." Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema ya kwamba amefanya kazi miaka minne, ya kwamba upishi wake ni "fair", na mwisho ikasema, "His honesty leaves much to be desired."

Maneno yote hayo niliyajua. "Fair" mwalimu alikuwa ametufundisha kuwa ni haki. "Honesty" ni uaminifu, "much" ni mengi, na "desired" ni kutamaniwa. Basi nikasimama wima, nikatangaza kwa sauti kuu kwamba upishi wa mjomba ni wa haki, na uaminifu wake ni wa kutamaniwa sana. Bibi yangu akapiga vigelegele.

Mjomba akarudi Nairobi na barua yake, akapiga hodi mlango hata mlango. Wenye nyumba waliisoma, wakamtazama, wakamrudishia kwa adabu, wakasema nafasi imekwisha kupata mtu. Mambo yalikwenda hivyo miezi 14. Hatimaye akauacha upishi, akawa mchukuzi wa magunia sokoni.

Nilikuwa kidato cha pili, katika shule ya misheni, siku mwalimu alipoandika maneno yale yale ubaoni. Akatueleza kwamba kitu kikisemwa kuwa "leaves much to be desired", maana yake kimepungua sana, na mtu angetamani kiwe bora kuliko kilivyo. Akaongeza kwamba "fair", katika kupima kazi ya mtu, si haki wala si uzuri, bali ni kadiri tu, yaani si vibaya sana. Nilihisi masikio yangu yakiwaka moto. Likizo ile sikumwambia mjomba neno, wala likizo iliyofuata. Nilimwambia nilipokwisha kuandikwa kazi, na mshahara wangu wa kwanza u mfukoni, kana kwamba fedha zingepunguza uchungu. Alinyamaza kitambo. Hakukana. Alisema alichukua sukari katika ghala ya bwana wake, juma lile mtoto wake alipokuwa mgonjwa. "Ilikuwa kilo moja," akasema. "Na barua ile nimeitembeza miezi 14, nikiwapa watu kwa mikono miwili."

Wazee wetu waliionja taabu hiyo kabla yetu. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza kwisha, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikitia ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Katika karatasi ile mlikuwa na alama za vidole vyake, na mahali pa kila bwana kuandika kazi aliyompa, mshahara, siku ya kuandikwa na siku ya kuachishwa. Harry Thuku na wenzake walikilalamikia kipande hicho mwaka 1921, hata hivyo kilidumu mpaka sheria ya mwaka 1947 ilipoleta uandikishaji wa watu wa rangi zote. Mengi yamesemwa juu ya aibu ya kubeba kikopo kama kengele ya ng'ombe. Mimi hufikiri zaidi juu ya jambo lingine: mara nyingi katika watu wote walioishika karatasi ile, yeye aliyeivaa kifuani ndiye peke yake asiyeweza kuisoma.

Sasa turudi kwenye ubao wetu. Kiingereza cha ilani kina tabia ya kuacha maneno madogo, kama mtu apelekaye simu ya maandishi na kulipa kwa kila neno. Mlango uliopakwa rangi huandikwa "Wet paint", maneno mawili tu, wala hayamwamuru mtu ailoweshe rangi. Husema rangi hii ingali mbichi, usiiguse. Mashine iliyoharibika huwekewa "Out of order". Kijana mmoja aliniambia maana yake ni kwamba mashine ile iko nje ya amri, na kwa kweli hakukosea sana, maana ilikuwa haimtii mtu yeyote. Kwenye malango ya majumba mjini huandikwa "No hawkers", na wako wanaomfikiria ndege mwewe, kumbe ni wao wenyewe wanaokatazwa, wenye kutembeza mboga na nguo.

Tabia yake nyingine ni kumficha asemaye. Ilani haisemi, "Mimi, mwenye shamba, nitakushtaki." Husema, "Trespassers will be prosecuted," yaani watakaoingia bila ruhusa watashtakiwa. Na nani? Haikutajwa. Kadhalika pahali pa kuegesha magari huandikwa ya kwamba gari limewekwa "at owner's risk". Msomaji asiyezoea hudhani huyo "owner" ni mwenye kiwanja, na kwamba amekubali kulinda. La! Ni mwenye gari. Likiibwa, hasara ni yako, na mwenye kiwanja amekwisha kunawa mikono kabla hujafunga mlango wa gari. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wangu kwamba kila ilani iulizwe maswali mawili: nani anasema na nani? Na nisipoijali, litanipata nini?

Lakini yako maneno yanayodanganya kwa umbo lake. Nyuma ya malori ya petroli huonekana neno "inflammable". Mwanafunzi hodari, ambaye amefundishwa kuwa "in" mwanzoni mwa neno hukanusha, kama katika "incorrect", atasema ya kwamba mafuta yale hayashiki moto. Hodari huyo yumo hatarini kuliko mjinga, kwa kuwa "inflammable" na "flammable" maana yake ni moja: kitu chepesi kuwaka. Vile vile chupa ya dawa iliyoandikwa "For external use only" ina dawa ya kupaka nje ya mwili, wala si ya kunywa. Haya si maneno ya kutafutia alama katika mtihani.

Mtu aanzaye kabisa na aanze na ilani zilizoandikwa kwa lugha mbili. Kwenye nguzo na mashine za umeme kuna picha ya fuvu la kichwa na maneno mawili, "Danger" na "Hatari", yamekaa pamoja kama mapacha. Hapo umepata neno moja bila mwalimu. Nami nimeona jambo la kuchekesha katika ilani zetu za Kenya. Mwenye nyumba akitaka ahofiwe na kila mtu, huandika "Mbwa Kali", hata kama yeye mwenyewe Kiswahili chake ni cha kubabaisha. Kwa mambo ya meno ya mbwa huzungumza lugha yetu, na kwa mambo ya sheria na fedha hurudia Kiingereza.

Njia ninayoitumia ni rahisi. Nunua daftari dogo la kutia mfukoni. Ukiona ilani, iandike kama ilivyo, herufi kwa herufi. Usiku uandike tena kwa maneno kamili, ukirudisha yale yaliyoachwa, kisha uitie katika Kiswahili ambacho mama yako angekielewa. Kama Kiswahili chako hakieleweki, basi hukuielewa ilani, hata ukiwa umelikuta kila neno katika kamusi. Hapo ndipo nilipopotea siku ile mbele ya bibi yangu.

Matangazo ya kazi yanataka uangalifu wa pekee, na nimewaona vijana wakijinyima kazi kwa kutoyasoma vizuri. Neno "must" ni sharti. Usipokuwa nacho kitu hicho, acha. Lakini "preferably" ni pendeleo tu, na kitu kinachosemwa kuwa "an added advantage" ni ziada. Kijana mmoja wa hapa hakupeleka ombi lake kwa sababu hakuwa na leseni ya kuendesha gari, na tangazo lilisema leseni ni "added advantage". Mwingine alikutana na onyo lililo katika matangazo mengi ya kazi za serikali, kwamba "canvassing" itamwondolea mtu nafasi. Akadhani ni habari ya viatu vya turubali. Akaenda zake kwa mkubwa mmoja wa kwao, akamwomba amsemee, na hilo hasa ndilo lililokatazwa! Tena ikiandikwa kwamba watakaojibiwa ni "only shortlisted candidates", yaani wale tu waliochaguliwa kuitwa, usingoje barua ya kukataliwa. Kimya ndicho jibu.

Juu ya matangazo ya biashara sina mengi. Angalia neno "from" mbele ya bei, kwa sababu ndiyo bei ya chini kabisa, na kitu unachokitaka hakimo katika bei hiyo. Angalia sabuni inayosemwa kuwa hufanya nguo "whiter". Nyeupe kuliko nini? Kiswahili kingekudai ujibu. Kiingereza cha biashara hukuacha ujaze mwenyewe.

Lililobaki ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo lilianza kutolewa mwaka 1899 na hutoka siku ya Ijumaa. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hata hivyo ilani za mashamba humo huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakamani. Zile za hati zilizopotea hufanana zote. Huanza na "Whereas", neno linalowatisha watu bure, maana ni sawa na kusema "kwa kuwa". Hufuata jina la mwenye shamba, na nambari ya shamba, na ya kwamba umeletwa ushahidi wa kutosha kuwa hati imepotea. Kisha msajili husema ya kwamba zikiisha siku 60 tangu tarehe ya ilani atatoa hati mpya, "provided that no objection has been received". Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango: illa pakiwapo pingamizi. Na siku zahesabiwa tangu tarehe iliyochapwa, wala si tangu siku wewe uliposikia habari.

Mjomba wangu sasa ni mzee, naye ana daftari lake. Alianza na mifuko ya unga na makopo ya mafuta ya kupikia, akaingia kwenye risiti, na sasa huja ofisini kwangu kulisoma Gazeti. Hutafuta jina la wilaya yetu tu, akishuka na kidole. Siku moja kidole kikasimama. Lilikuwa shamba la jirani yetu, mjane, nalo lingali kwa jina la marehemu mumewe, na hati yake ilisemwa kuwa imepotea. Mjomba alijua haikupotea, kwa kuwa aliwahi kuiona sandukuni mwa mama yule, imefungwa kwa kitambaa. Akahesabu siku kwa vidole, akahesabu tena. Zilikuwa zimepita 41.

Hakungoja gari. Alikwenda kwa mjane kwa miguu, na kesho yake walikwenda wote wawili kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, hati imo kikapuni chini ya mahindi. Iliwapasa kurudi mara mbili kwa ajili ya karatasi nyingine, lakini pingamizi lilipokewa na kupigwa muhuri siku ya 52. Ni nani aliyesema hati imepotea ni habari ya ukoo wao, nami sitaiingilia.

Ijumaa iliyofuata mjomba alikuja kama kawaida, akavua kofia, akaketi kwenye benchi la wageni. Aliniuliza "hereof" ni nini, maana ameikuta mara nyingi karibu na tarehe. Nikamwambia ni "ya hii", yaani ya ilani hii yenyewe. Akatoa kalamu, akaandika, kisha akaniomba nimsomee tena polepole ili ahakikishe herufi.