Manowari ya Mbao Iundwayo Ili Itobolewe

Wahenga walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Hata hivyo, uko mchezo mmoja wa mafundi ambao huipindua methali hiyo. Mtu hukaa miezi mingi akiunda manowari ndogo ya mbao, akaitia usukani, mota na mizinga, hali akijua kwamba itatobolewa, na huenda ikazama siku ile ile ya kwanza itakapoingia vitani.

Mchezo huo ulianzia katika jimbo la Texas, huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wachezaji husimama ukingoni mwa bwawa lenye kina kifupi, kila mmoja akiiongoza meli yake kwa mtambo wa redio. Mizinga hutumia nguvu ya gesi ya kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa katika chupa ndogo, nayo hutupa gololi za chuma zilizo ndogo kama punje za mtama. Gololi hizo hutoboa ubavu wa meli ya adui, maji yakaingia, na chombo kikazama kweli.

Meli hizo ni mifano ya manowari zilizopata kuwako duniani. Kipimo kinachotumiwa sana ni moja kwa 144, yaani mita 144 za meli halisi huwa mita moja ya mfano. Na tuitazame Königsberg, manowari ya Kijerumani ambayo Afrika ya Mashariki inaikumbuka. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, huko Zanzibar. Kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji, ambako iliangamia tarehe 11 Julai 1915. Mzinga wake mmoja umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa. Meli hiyo ilikuwa na urefu wa mita 115 na upana wa mita 13. Mfano wake, basi, huwa na urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 9 tu.

Uzito nao hupungua kwa namna ya kustaajabisha, kwa kuwa urefu, upana na kimo hupungua vyote pamoja. Meli iliyozidi tani 3,000 inageuka kuwa chombo cha kilo moja na kidogo. Katika uzito huo fundi hana budi kuingiza betri, mota, pampu, redio, mzinga na chupa ya gesi. Ndiyo sababu meli ndogo ni ngumu kuunda kuliko kubwa, na anayeanza hufaa achague chombo kipana zaidi.

Kazi huanza kwa mchoro. Fundi huchora umbo la meli kama kwamba imekatwa vipande vipande toka omo hadi tezi. Kila kipande humpa taruma moja, ambalo hulikata kwa msumeno mwembamba katika plaiwudi. Mataruma husimamishwa juu ya mkuku, hupimwa yasiende upande, kisha hugandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Juu yake huzungushwa ukingo wa plaiwudi wa kubeba sitaha. Mkuku ukipinda, meli haitakwenda sawa hata siku moja. Kwa hiyo fundi mwenye busara hupima mara mbili kabla ya gundi kukauka. Mbao zote hupigwa msasa na kupakwa vanishi, kwani plaiwudi ikinywa maji huachana.

Ndani ya ngama huachwa mfereji mmoja katikati, unaoelekea kwenye pampu. Bila mfereji huo, maji yanayoingia hukimbilia upande mmoja kila meli inapogeuka, nayo hupinduka kabla haijajaa. Betri, kwa kuwa ni nzito, huwekwa chini kabisa.

Kisha huja ngozi ya meli, na hapo ndipo fundi hupimwa uaminifu wake. Mbavu hufunikwa kwa ubao wa balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kusini, na katika vyama vingine unene wake hauzidi milimita moja. Gololi inayopiga balsa hupenya; inayopiga taruma hudunda. Mtu akinenepesha mataruma yake au kuyasonganisha, atakuwa amejijengea ngome isiyozama. Kwa sababu hiyo sheria huweka kikomo cha unene wa mataruma na nafasi baina yake, na meli hukaguliwa. Mbao nene zingeiokoa meli ya mtu mmoja, lakini zingeuua mchezo wa wote.

Jambo moja halina mzaha. Gololi iwezayo kutoboa ubao yaweza kupofusha jicho. Kila aliye karibu na bwawa, mchezaji au mtazamaji, mkubwa au mtoto, huvaa miwani ya kinga. Mizinga hufungwa kwa pini za usalama mpaka meli iwe majini. Askari aliyefunzwa katika uwanja wa shabaha ataitambua nidhamu hiyo mara moja. Mzazi atakayependa kumfundisha mwanawe ufundi huu aweza kuishia kwenye chombo na redio, pasipo mizinga, na faida ya kazi ikabaki palepale.

Meli inapozama, kiboya chenye uzi huelea kuonyesha mahali ilipo. Mwenyewe huivuta, akaimwaga maji, akayahesabu matundu na kuyaziba. Balsa ikichakaa hubanduliwa yote, ikabandikwa mpya. Lakini mkuku na mataruma hubaki vile vile, na kama viliundwa kwa uangalifu, vitakwenda vitani tena na tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye fundi wa manowari hizi huziba tundu moja moja, kwa subira, ili kesho chombo chake kirudi majini.