Mwana aliyewalilia wazazi wake kwa dini mbili

HEBU fikiria, msomaji, kwamba mamako mzazi ameaga dunia nawe uko mbali, upande wa pili wa nchi. Huwahi mazishi. Kisha inafika barua ya nduguyo ikikueleza kwamba mama alizikwa bila kusomewa sala ya wafu, kwa kuwa waliofika makaburini hawakutosha. Utalilipaje deni la namna hiyo?

Mkasa huo ulimpata mshairi wa Marekani, Allen Ginsberg, mwezi wa Juni mwaka wa 1956. Alikuwa ametimiza tu miaka 30, akiishi California. Mamake, Naomi, alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na New York. Sala ya wafu ya Wayahudi huitwa Kaddish, na kwa desturi ya jadi haisomwi hadharani mpaka wawepo wanaume kumi waliokomaa. Siku ile kumi hawakutimia.

Ginsberg alililipa deni hilo kwa shairi. Ajabu ni kwamba mwana huyu wa Kiyahudi baadaye alikula kiapo cha kumfuata Budha, na babake alipofariki miaka 20 baada ya mama, alimlilia kwa mafundisho ya Budha. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Je, Ginsberg aliacha mila yake? Tuyatazame mashairi hayo mawili ya msiba, kisha ujiamulie mwenyewe.

Deni la mama

Naomi alizaliwa Urusi, akaletwa Marekani angali mtoto. Aliolewa na Louis Ginsberg, mwalimu wa shule ya upili katika mji wa Paterson, jimbo la New Jersey. Alikuwa mkomunisti wa kufa kupona, lakini ugonjwa wa akili ukamwandama. Aliamini kwamba anapelelezwa na kwamba wapo watu wanaotaka kumdhuru. Allen alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, ndiye aliyemsindikiza peke yake kwa basi kwenda kutafuta mahali pa kupumzikia. Fikiria mzigo huo juu ya mabega ya mtoto wa shule ya msingi!

Fauka ya hayo, mwishoni mwa miaka ya 40, wazazi wakiwa wametengana, Allen ndiye aliyetia sahihi karatasi ya kuruhusu madaktari wampasue mamake ubongo. Siku hizo upasuaji huo ulidhaniwa kuwa tiba. Haukumponya. Na siku chache baada ya kupata habari ya kifo, Ginsberg alipokea barua kutoka kwa marehemu mwenyewe. Alikuwa ameiandika kabla ya kufa, akimshauri mwanawe aoe na aachane na dawa za kulevya.

Usiku mmoja wa Novemba 1958, huko New York, rafiki yake mmoja alimsomea Kaddish kutoka kitabu cha zamani. Ginsberg akarudi nyumbani, akaketi mezani Jumamosi alfajiri, asiondoke, ila kwa dharura, hadi Jumapili usiku. Shairi alilotoka nalo aliliita "Kaddish", likachapishwa kitabuni mwaka wa 1961.

Sala yenyewe ya Kaddish, iliyo katika lugha ya Kiaramu, haitaji kifo hata mara moja. Humtukuza Mungu mwanzo hadi mwisho. Shairi la Ginsberg halifichi lolote. Linasimulia wazimu wa mama, mwili wake, hofu zake na aibu ya nyumbani. Kisha, mwishoni, milio ya kunguru wa makaburini inapokezana na jina la Mungu. Ni kana kwamba mshairi alisema: ikiwa watu kumi hawakupatikana, basi nitawaita wasomaji wote wa dunia waje wasimame kaburini.

Na tazama jambo hili: hata katika mistari ya mwanzo ya shairi hilo la Kiyahudi, Ginsberg anautaja wimbo wa Waebrania na papo hapo kitabu cha Wabudha. Alikuwa ameanza kusoma habari za Budha mapema miaka ya 50, yaani miaka kadhaa kabla ya msiba. Milango yote miwili ilikuwa wazi tangu mwanzo.

Kupitia Mombasa

Mwaka huo wa 1961 alikwenda Israeli, na mjini Yerusalemu akazungumza na mwanafalsafa mashuhuri wa Kiyahudi, Martin Buber. Lakini hakutulia huko. Alishuka hadi Afrika Mashariki, na mapema mwaka wa 1962, Kenya ikiwa bado chini ya Mwingereza, akapanda meli Mombasa kuelekea Bombay. Naam, safari ya mshairi huyu kutoka nchi ya mababu zake hadi nchi ya Budha ilipitia bandari yetu. Mwaka huo huo alikutana na Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, anayeishi uhamishoni India.

Mwaka wa 1970, jijini New York, Ginsberg alikuwa na babake, mzee aliyekuwa hajisikii vizuri. Katika kuhangaika kumpatia teksi, aliidaka iliyokuwa ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Chögyam Trungpa, mwalimu wa Kibudha kutoka Tibet! Alimkuta mwalimu wake akimhudumia babake. Mwaka wa 1972 alikula kiapo mbele yake na kupewa jina la Simba wa Dharma, neno la mwisho likimaanisha mafundisho ya Budha. Mnamo 1974, yeye na mshairi Anne Waldman walianzisha shule ya ushairi katika taasisi ya Trungpa mjini Boulder, Colorado.

Msiba wa baba

Mzee Louis naye alikuwa mshairi, lakini wa vina na mizani, ilhali mwanawe aliandika mashairi huru. Wanafunzi wanaoujua ubishi wa washairi wetu juu ya arudhi hawatashangaa kusikia kwamba wawili hao walibishana sana. Hata hivyo, walipanda jukwaani pamoja mara nyingi, baba akisoma yake na mwana yake.

Louis alifariki Julai 1976. Akiwa ndani ya ndege akirudi nyumbani, Ginsberg alitunga "Father Death Blues", yaani wimbo wa huzuni kwa Baba Kifo. Aliuimba akicheza kinanda cha mivukuto cha Kihindi. Humo hamna mayowe. Anakisalimu kifo kama jamaa wa karibu na kuwashukuru walimu wake. Anakubali fundisho la Budha kwamba kilichozaliwa hakina budi kuteseka na kupita. Mama alililiwa kwa kite. Baba aliagwa kwa utulivu.

Si yeye peke yake

Wayahudi walioifuata njia hii ni wengi kiasi kwamba huko Marekani wamebandikwa jina la utani, JuBu. Wapo marabi wasiopendezwa, kwani Torati inakataza kuiabudu miungu mingine. Wapo pia wanaojibu kwamba Budha hakudai kuwa Mungu, na kwamba kuketi kimya na kutafakari si kuabudu. Mwaka wa 1990 marabi na wasomi wa Kiyahudi walikwenda Dharamsala, India, kwa mwaliko wa Dalai Lama, aliyetaka kujua Wayahudi walidumishaje dini yao uhamishoni kwa karibu miaka 2,000. Mshairi Rodger Kamenetz aliandamana nao, akaandika kitabu kilichotoka 1994.

Mwimbaji na mshairi wa Kanada, Leonard Cohen, aliishi miaka kadhaa katika makao ya Wabudha wa Zen mlimani California na kutawazwa mtawa mwaka wa 1996. Katika albamu aliyoitoa mwaka wa 2016, majuma machache kabla ya kifo chake, aliimba na kwaya ya sinagogi la utotoni mwake, Montreal. Alizikwa huko huko, miongoni mwa jamaa zake.

Na Ginsberg? Alifariki tarehe 5 Aprili 1997, akiwa na umri wa miaka 70, huku walimu wa Kibudha wakimwombea. Mwili wake ulichomwa, jambo ambalo sheria ya jadi ya Kiyahudi hailikubali. Lakini sehemu ya majivu yake ilizikwa katika makaburi ya Wayahudi, New Jersey, kando ya babake.

Msomaji, katika familia nyingi za mjini leo, mama anasali kwingine, mwana kwingine, na nyanya aliye mashambani ana desturi zake. Ugomvi huzuka hasa siku ya msiba: nani atamzika marehemu, na kwa sala ipi? Ginsberg hakutuachia kanuni. Alituachia mashairi mawili yanayoonyesha kwamba mtoto anaweza kubadili mlango anaoingilia kusali, bado akawalilia wazazi wake kwa jina. Kama nyumbani kwenu kuna sala iliyobaki bila kusomwa, huenda hujachelewa.