Je, Wajua? Koma wa Wagiriama hawafungiwi kuzimu

Wagiriki wa kale waliamini kuwa wafu hushuka kuzimu kwa mfalme Hades, nduguye Zeus, na kwamba Kerberos, mbwa wa vichwa vitatu, hulinda lango wasitoke. Wagiriama wa Kaloleni, pwani ya Kenya, wana itikadi nyingine: Mulungu yuko juu ya yote, lakini koma, yaani roho za wahenga, hukaa karibu na jamaa zao. Koma aliyesahaulika huja ndotoni kudai haki yake, au huleta maradhi nyumbani.

Ili asisahauliwe, marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu huchongewa kigango: ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu. Mbele yake humwagwa tembo la mnazi. Ukoo ukihama, kigango hubaki palepale.

Ndiyo maana wezi walivipata vigango kwa urahisi, wakaviuza hadi Marekani. Mwaka 2014, jumba la makumbusho la Denver lilikubali kurejesha vigango 30.

Ukikuta kigango kichakani, usikiguse wala usikinunue. Kina wenyewe.