Walimu Waliobaki Mlimani

Zamani, wanangu, mtoto wa Machame, kwenye mlima Kilimanjaro, hakuwa na kengele ya kumwamsha. Alikuwa na ng'ombe. Huku Uchagani ng'ombe hufungiwa zizini, chakula huwafuata walipo. Kwa hiyo akina mama na mabinti waliteremka mpaka nyanda za chini, wakakata majani, wakarudi wakipanda mlima wote wamejitwisha mizigo mizito.

Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame kwa mtawala wake, Mangi Shangali, wakajenga kituo Nkarungo. Mwaka uliofuata walijenga kingine Mamba, na mwaka 1896 kingine Kidia, Old Moshi. Palipokuwa na ibada palikuwa na darasa pia. Wavulana walikuja, na wasichana nao wakaja. Jioni kila mmoja alirudi kwao, kihambani, katikati ya migomba.

Hebu fikirini uzito wa jambo hilo kwa mzazi. Binti akikaa darasani, nani ataleta majani? Mimi siwalaumu wazazi waliosita. Ng'ombe asiyekula hatoi maziwa wala mbolea ya migomba. Lakini nawaheshimu mno wale waliosema, "Nenda, mwanangu, majani utakata ukirudi." Na kwa kuwa masomo ya mwanzo yalikuwa kwa Kichagga, mtoto aliweza kumsomea bibi yake usiku na bibi akaelewa kila neno. Watu wengi wazima walionja kusoma kwa njia hiyo.

Walimu wengi walikuwa vijana wa papa hapa mlimani. Mwaka 1912 chuo cha kuwafundisha kilifunguliwa Marangu. Miaka miwili baadaye vita ikazuka kati ya Wajerumani na Waingereza, na mwaka 1916 Waingereza wakaiteka Moshi. Vita ilipokwisha, walitaka Wajerumani waondoke. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakafungasha mizigo yao, wakaenda zao.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nani angefundisha? Nani angewalipa walimu? Wageni wenye fedha walikuwa wameondoka. Walimu Wachagga wakabaki. Siku za juma walifundisha watoto, Jumapili wakaongoza ibada, na ndizi na kahawa zao wakazilima wenyewe. Sijui kama ningekuwa na moyo huo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walipofika baadaye, na Wajerumani waliporejea, walikuta makanisa yana watu na madarasa yana watoto.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa akikua mvulana mmoja wa Mamba, Stefano Moshi. Alisoma, akawa mwalimu, kisha mchungaji. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, ndilo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) la leo. Makanisa yote saba yakamchagua mwalimu yule wa Mamba awe mkuu wao wa kwanza.