Msichana Akiumwa Tumbo, Tusikimbilie Kusema ni Minyoo

Akina mama na akina baba wa vikundi, mtoto wa kike akilia tumbo wengi wetu tuna jibu tayari. Akiwa mdogo twasema ni minyoo, apewe dawa alale. Akiwa mkubwa kidogo twasema ni mambo ya kike, atazoea. Na tumbo likivimba, hapo maneno huwa mabaya: "Huyu ana mimba!" Ni kweli mara nyingi huwa ni jambo dogo, kama choo kigumu au maambukizi ya mkojo. Lakini kuna chanzo kimoja ambacho wachache hukifikiria. Kikichelewa kutambuliwa, mtoto aweza kupoteza kiungo cha uzazi kabla hajajua kazi yake.

Kila mtoto wa kike huzaliwa na vifuko viwili vya mayai, ambavyo madaktari huviita ovari, kimoja kulia na kimoja kushoto, chini ya kitovu. Kwa mtoto mdogo ni kama punje kubwa ya maharagwe. Vimeshikiliwa na kano na mishipa ya damu. Sasa fikiria ndoo ya kisimani: ukiizungusha, kamba inajisokota. Hivyo ndivyo kifuko kinavyoweza kujisokota, na damu haipiti tena. Hutokea hasa kikiwa na uvimbe unaokifanya kizito, lakini kwa watoto hata kifuko kizima hujisokota. Wasichana wanaokaribia kuvunja ungo hupatwa zaidi, ingawa hata mtoto mchanga aweza kupatwa.

Je, utajuaje? Maumivu huanza ghafla, ni makali, chini ya tumbo upande mmoja, mara nyingi zaidi kulia. Mtoto hutapika. Kisha aweza kupata nafuu, halafu maumivu yarudi, maana kifuko chaweza kujisokota na kujifungua chenyewe. Hapa ndipo wazazi tunadanganyika: asubuhi alikuwa anacheza, jioni analia, basi twasema anajifanya, hataki kwenda shule. Mtoto mdogo naye hajui kuonyesha mahali, atashika kitovu tu. Ugonjwa wa kidole tumbo hufanana sana na huu, ila wenyewe kwa kawaida huanzia kwenye kitovu na kuhamia kulia polepole. Hata madaktari huvichanganya, kwa hivyo usijaribu kuamua mwenyewe nyumbani. Vyote viwili ni vya hospitali.

Daktari atauliza maumivu yalianza lini na hedhi ya mwisho ilikuwa lini, atabonyeza tumbo, atapima mkojo. Msikasirike mkiona msichana anapimwa mimba. Hakuna aliyemshtaki. Msichana yeyote aliyevunja ungo hupimwa, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya tumbo la uzazi huweza kuua. Daktari akitaka kuzungumza naye peke yake, mama, toka nje kidogo.

Kipimo kikubwa ni picha ya ultrasaundi, ile ile wanayopigwa akina mama wajawazito. Hupigwa juu ya tumbo na haiumizi. Mtoto huambiwa akae na mkojo ili kifuko kionekane vizuri. Kilichojisokota huonekana kimevimba kuliko mwenzake. Lakini picha nayo haisemi yote: damu yaweza kuonekana inapita na bado kifuko kimejisokota. Ndiyo sababu daktari mwenye shaka huamua kufanya upasuaji aone kwa macho. Akikikuta, hukisokotoa. Hata kikiwa kimegeuka rangi kuwa cheusi, mara nyingi hupona, na siku hizi madaktari hushauriwa kukiacha badala ya kukikata. Mzazi ana haki ya kuuliza jambo hili kabla ya kutia sahihi.

Uvimbe wa maji tu kwa msichana aliyeanza hedhi mara nyingi huisha wenyewe baada ya wiki au miezi michache, naye huambiwa arudi kupigwa picha tena. Kuna uvimbe mwingine ambao ndani yake hupatikana nywele, hata meno. Watu wakisikia hivyo huanza kutafuta mchawi ni jirani gani! Si uchawi. Chembe za mayai zina uwezo wa kuota kila aina ya nyama ya mwili. Mwingi wa uvimbe huo si saratani, lakini upo ambao ni saratani, kwa hivyo tumbo linalovimba bila maumivu pia lipelekwe.

Usimkande tumbo mtoto huyu, wala usimpe dawa za miti za kuharisha. Asile wala kunywa mpaka aonwe, huenda akahitaji upasuaji. Zahanati nyingi hazina mashine ya ultrasaundi, basi ombeni barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, siyo kesho. Kila saa ina hesabu yake. Na kikundi chenye mfuko wa dharura kiamue mapema ni nani atatoa pesa usiku bila kungoja mkutano, na namba ya simu ya mwenye gari ijulikane katika kila nyumba.