Neno 'Knight': Mtumishi, Mpanda Farasi au Mtunukiwa?

Mfasiri anayeihamishia hadithi ya Ulaya ya kale katika Kiswahili hukwama mapema, pindi anapokutana na neno la Kiingereza 'knight'. Visawe vinavyomjia upesi ni shujaa, mpanda farasi na mwungwana. Vyote vina chembe ya ukweli, ila hakuna kinachotosheleza. Shujaa aweza kuwa mtu yeyote, hata mkulima asiye na cheo. Mpanda farasi naye amekwisha kutwaliwa na Biblia ya Kiswahili, ambamo jeshi la Farao linawafuatia Waisraeli kwa magari na wapanda farasi. Makala haya yanashikilia kwamba kiini cha neno hili si ushujaa wala farasi, bali ni uhusiano wa mtu na yule anayemtumikia.

Historia ya neno lenyewe yathibitisha hayo. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, liliandikwa 'cniht', na sauti ya kwanza ilitamkwa. Maana yake ilikuwa mvulana, na kwa upanuzi, mtumishi. Ndugu yake wa Kijerumani, 'Knecht', amebaki huko huko chini: ni mtumishi au kibarua wa shambani. Kiingereza kilimpandisha wa kwao ngazi. Kijana aliyemtumikia mkuu akawa askari wake, askari akapewa ardhi, na mwenye ardhi akaheshimiwa. Si maneno mengi yaliyopata bahati hiyo. Neno 'boi' liliingia Kiswahili likiwa na maana hizo hizo mbili, mvulana na mtumishi, lakini katika nyumba za walowezi hata mzee wa miaka 60 aliitwa boi hadi anastaafu.

Lugha jirani zilichagua njia nyingine. Kifaransa husema 'chevalier', Kihispania 'caballero' na Kijerumani 'Ritter', na yote matatu hurejelea kupanda farasi. Kiarabu kina 'faris', lenye mzizi mmoja na 'faras' lililotupa farasi. Lugha hizi zilitazama alichokikalia mtu huyo. Kiingereza kilitazama aliyemwajiri. Hata hivyo, maana hazitulii: siku hizi 'caballeros' huandikwa kwenye milango ya vyoo vya wanaume huko Uhispania, pasi na farasi hata mmoja.

Katika sataranji, Waingereza huiita 'knight' ile kete inayoruka juu ya wenzake. Wachezaji wetu huiita farasi, nao wako karibu zaidi na asili ya mchezo huo nchini India, ambako kete hiyo ilikuwa farasi tangu mwanzo. Anayefasiri hadithi yenye sataranji ndani yake asithubutu kuandika 'shujaa'.

Lililo zito zaidi ni suala la kutunukiwa. Kwa desturi, mtu hakujifanya 'knight' mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya mkuu, akaguswa bega kwa upanga, akainuka na cheo. Cervantes aliifanyia dhihaka desturi hii katika riwaya yake ya mwaka 1605: Don Quixote, licha ya wazimu wake, anajua kwamba hawezi kujitawaza, hivyo anamwomba mwenye nyumba ya wageni amtawaze. Kichekesho chote kimo katika kwamba anayetunuku hana mamlaka ya kutunuku.

Pwani yetu inazijua taadhima hizo, na si kwa kicheko. Yusuf bin Hasan, mrithi wa kiti cha Mombasa, alilelewa na Wareno huko Goa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia na kuingizwa katika daraja la Kristo, mojawapo ya madaraja makuu ya 'knight' nchini Ureno. Mwezi Agosti mwaka 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamuua kapteni wa Kireno na kurejea katika Uislamu. Kumwita Chingulia 'shujaa wa daraja la Kristo' ni kuivuruga historia nzima, kwani ushujaa wake, kwa wanaouona hivyo, ulianza pale alipolikana daraja lenyewe. Hapa 'mtumishi' ndilo neno linalobainisha alichokitupilia mbali.

Waingereza nao walipokuja walitunuku kwa hesabu. Liwali Ali bin Salim wa Mombasa aliitwa Sir, na vivyo hivyo Sir Mbarak Ali Hinawy, ambaye wanafunzi wa fasihi humkumbuka zaidi kwa kuhifadhi miswada ya tenzi kuliko kwa cheo chake. Wakati huo huo, katika misitu ya Nyandarua, wapiganaji wa Mau Mau walimtaja kiongozi wao kuwa Field Marshal Sir Dedan Kimathi. Hakuna malkia aliyemgusa bega. Baadhi ya wasomaji huona hapo uigaji tu wa mkoloni, lakini yaelekea maoni hayo yanapungukiwa. Waliompa Kimathi cheo hicho walikuwa wakidai kwamba mamlaka ya kutunuku yamo mikononi mwao. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na serikali iliyomnyonga haikukitambua cheo hicho.

Linabaki neno 'mwungwana', ambalo baadhi ya wafasiri hulipenda kwa sababu adabu za 'knight' zinafanana na uungwana wa Waswahili. Mvuto wake unaeleweka. Lakini mwungwana, kwa asili, ni mtu huru asiye na bwana, aliye kinyume cha mtumwa, ilhali 'knight' bila bwana hana maana. Katika hadithi za kale, 'askari wa bwana fulani' hubeba maana zaidi, ijapokuwa halina madaha. Kwa vyeo vya leo, kitenzi hutosha: fulani alitunukiwa na mfalme wa Uingereza, naye huitwa Sir. Na katika Kiswahili cha Kimathi, 'Sir' liachwe lilivyo, maana lilichukuliwa kwa makusudi, na kulifasiri ni kulirudisha lilikotwaliwa.